Thamani: Bure

Wanafunzi wa chuo cha ufundi walimwita Mwepesi. Aliyemtungia jina hilo alikuwa na roho mbaya kidogo, maana fundi mwenyewe alikuwa na kilo karibu mia, na akipanda ngazi za kwenda maabara ya kompyuta ulisikia mbao zikilalamika moja moja. Lakini jina alijitakia. Kila alipoulizwa kompyuta za chuo zilikuwa na ugonjwa gani, alijibu vilevile: "Hazina ugonjwa. Zimebebeshwa mzigo usio wao. Ziwekee mfumo mwepesi uone."

Maabara ilikuwa chumba kirefu cha ghorofani, juu ya karakana ya useremala. Sakafu ilikuwa ya mbao na mbao zilikuwa na nyufa, kwa hiyo kila msumeno ulipolia chini, unga wa mbao ulipanda juu ukaingia kwenye feni za kompyuta. Zilikuwa kompyuta thelathini na moja, zote za msaada, zote zimeshatumiwa na watu wengine mpaka wakazichoka. Aliyezileta alizijazia mfumo endeshi wa kisasa, mzito, wa kulipiwa, na leseni yake ilikwisha muda kitambo. Ukiwasha moja, ungeweza kwenda chooni, ukanawa, ukasalimiana na watu njiani, ukarudi, ukakuta kile kiduara bado kinazunguka. Mwalimu wa somo alikuwa ameshakata tamaa. Alikuwa anafundisha kompyuta kwa chaki.

Aliyemwita fundi ni mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi.

"Nimesikia unafufua mitambo," alimwambia.

"Inategemea imekufa lini, Mkuu."

Akafungua moja hapohapo, akapuliza, vumbi la mbao likamrudia usoni. Akaangalia ndani kama daktari anayeangalia koo. Akasema zile zilizoungua hazitapona, lakini vipuri vyake vitaponya nyingine.

"Nikupe ukweli," Mkuu akasema. "Fedha ya kununua mpya sina. Lakini nafasi ya fundi wa maabara ipo, mwaka wa pili huu haina mtu. Ukinifufulia hizi, nakupeleka mbele ya bodi mimi mwenyewe."

"Mkuu, nisikudanganye. Mimi sina cheti. Shule niliachia darasa la sita."

"Cheti chako ndicho hiki," akasema, akaigonga ile kompyuta kichwani.

Fundi alikuwa na miaka arobaini na saba. Thelathini kati ya hiyo aliitumia ameinamia meza kwenye baraza ya duka la mtu, akitengeneza redio, kisha televisheni, kisha simu, kisha kompyuta. Mvua ikinyesha alifunika kila kitu kwa turubai, naye akajibanza ukutani kama mwizi. Alitaka chumba chenye mlango. Alitaka kiti chenye mgongo. Alitaka mtu akimuuliza anafanya kazi wapi, ajibu kwa kutaja jina la mahali, siyo kwa kunyoosha kidole. Hakuwahi kutaka kitu kama alivyoitaka nafasi ile, na hakumficha mtu.

Kazi ilianzia kwenye kafe ya intaneti. Mifumo myepesi ipo mingi na haiuzwi. Watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana sura, huitengeneza na kuiweka wazi. Yeyote aichukue, aitumie, amgawie mwenzake. Fundi alilijua hilo zamani. Alijua pia kwamba njia ya kuifikia imejaa matapeli. Ukurasa wa kupakulia vitu vya bure huwa na vitufe vya kijani vikubwa kama mageti, vyote vimeandikwa PAKUA HAPA, na mara nyingi vyote ni vya wezi. Chenyewe cha kweli ni mstari mwembamba wa maandishi pembeni, hauna hata rangi. Zamani, alipokuwa hajui, alibonyeza kitufe kikubwa akimtafutia mteja kivinjari, programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na kwa wiki nzima ile kompyuta ikawa inamtolea matangazo ya dawa za kupunguza tumbo. Alishindwa kujua kama ni virusi au inamwona.

Mfumo ulipokwisha kupakuliwa, aliupeleka nyumbani kwenye flashi. Hapo ndipo ilipojitokeza tabia yake ambayo mafundi wenzake waliicheka. Kila faili la namna hiyo lina alama yake, mstari wa herufi na namba sitini na nne, umeandikwa kwenye ukurasa wa wenyewe walioutengeneza mfumo. Kompyuta yako nayo inakukokotolea alama ya faili ulilolipata. Zikilingana, una kitu halisi. Zikipishana hata kwa herufi moja, limeharibika njiani au limeguswa na mtu. Wengi hawahangaiki na hilo. Yeye aliinakili alama kwenye karatasi, akampa mkewe asome, naye akafuata kwenye skrini kwa kidole.

"Tisa, b, nne, nne, f," mkewe akasoma, ana sindano mdomoni, maana alikuwa anashona.

"Umesema f au s?"

"F. F ya fundi king'ang'anizi. Endelea."

"Usiruke."

"Mume wangu, herufi sitini na nne! Mbona hata mimi hukunichunguza hivi ulipokuja kunioa?"

"Ungekuja na alama, ningeihakiki."

Mkewe alicheka, akasoma zote. Zililingana.

Wiki sita alikuwa maabara, kuanzia milango inapofunguliwa hadi inapofungwa. Alisafisha feni kwa brashi ya rangi. Alitoa vibao vya kumbukumbu kwenye mashine zilizokufa akavipachika kwenye zilizo hai. Kati ya thelathini na moja alipata ishirini na mbili, na kila moja aliiwekea ule mfumo mwepesi na kivinjari chepesi, akabandika karatasi juu ya nyufa za sakafu, ili unga wa mbao upungue. Kompyuta ambayo zamani ilikuacha ukanawe, sasa iliwaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Wanafunzi wa useremala walipanda wakachora makabati. Msichana mmoja wa fani ya mabomba alikaa siku tatu anaandika barua za kuomba kazi, akampelekea fundi azisome.

"Mimi sijui kusahihisha," fundi akasema.

"Sitaki usahihishe. Nataka uone zimetoka kwenye printa."

Mwalimu wa somo alirudisha chaki stoo.

Mkuu aliridhika, lakini bodi ilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kupitisha chochote walitaka ripoti ya mkaguzi wa vifaa kutoka idara ya elimu. Siku ya ukaguzi fundi alivaa shati la mikono mirefu, akasimama juu ya ngazi, akaona gari la idara likiingia. Aliyeshuka na faili kwapani alikuwa mdogo wake.

Wa tumbo moja. Baba yao alipoanguka akashindwa kufanya kazi, ilibidi mmoja aache shule, na mkubwa ndiye aliyeacha. Mdogo alisoma akapanda mpaka juu. Kazi yake ya mwisho ya chuo, ile iliyompa shahada, aliiandika kwenye kompyuta ambayo kaka yake aliiokota kwenye takataka za benki, akaiunga, akaiwekea mfumo mwepesi wa hivihivi. Fundi alipomwona anafunga mlango wa gari, moyo ulimtulia. Alijisemea, leo nakaguliwa na anayejua.

Kwenye ngazi, mdogo mtu alimshika kiwiko, akanong'ona bila kumtazama.

"Kaka, hapa tusijuane. Wakijua sisi ndugu, watasema nimekupendelea, ripoti haitakuwa na maana."

"Sawa, mheshimiwa mkaguzi," fundi akasema, akakonyeza. Alilipenda hata hilo. Aliliona ni jambo la watu wenye akili.

Mkaguzi alikaa mbele ya kompyuta ya tatu kutoka dirishani. Vidole vyake havikutafuta kitu. Vilikwenda moja kwa moja kwenye menyu, kama mtu anayewasha taa nyumbani kwao gizani. Akafungua kivinjari, akafungua waraka, akaizima akaiwasha tena huku akiangalia saa yake ya mkononi. Akatabasamu. Fundi aliliona lile tabasamu kwa macho yake, na baadaye ndilo lililomuuma kuliko yote. Halafu mkaguzi akatoa fomu, akajaza, akaondoka.

Fomu ile ilikuwa ya zamani, imetungwa kwa ajili ya meza, viti na cherehani. Ilikuwa na safu ya Kifaa, safu ya Idadi, safu ya Hali na safu ya Thamani. Kwenye Kifaa mkaguzi aliandika: mfumo endeshi na kivinjari. Kwenye Idadi: 22. Kwenye Hali: inafanya kazi. Kwenye Thamani aliandika neno moja, kwa sababu mfumo haukununuliwa na hakuna namba ya kuweka. Aliandika: Bure.

Bodi ilikaa Jumatano asubuhi kwenye chumba cha walimu. Mkuu alimwita fundi ili aonwe. Alipewa kiti karibu na mlango. Mdogo wake alikuwa mbele, upande wa mwenyekiti, na chupa ya maji. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu aliyewahi kuongoza ofisi kubwa, na bado alizungumza kama ofisi ile imemfuata.

Katibu akasoma ripoti. Alisoma meza, akasoma viti, akasoma cherehani. Kisha akasoma: "Mfumo endeshi na kivinjari. Ishirini na mbili. Inafanya kazi. Thamani, bure."

"Rudia hapo," mwenyekiti akasema.

"Thamani, bure."

"Yaani haina thamani?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwenyekiti."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mkuu, hebu tusaidie. Wiki sita chumba kimeshikiliwa, umeme umeliwa, halafu tumewekewa kitu cha bure?"

"Mwenyekiti, kompyuta zinafanya kazi," Mkuu akasema. "Ni ngazi kumi na sita tu, twendeni mkaone."

"Hata saa mbovu inatembea ukiitikisa. Mtaalamu ameandika."

Fundi alinyoosha mkono. Alisimama kabla hajaruhusiwa, maana hakuwa na mazoea ya vikao.

"Mheshimiwa, naomba nieleze. Mfumo huu ni bure, ndiyo. Lakini si bure."

Chumba kilicheka. Hata katibu, aliyekuwa anaandika, aliinamisha kichwa mabega yakamcheza.

"Andika hivyo hivyo," mwenyekiti akamwambia katibu. "Ni bure lakini si bure. Mwenyewe amekiri na amekana kwa pumzi moja."

"Namaanisha haununuliwi," fundi akasema. "Siyo kwamba haufai. Ni programu huria. Mtu yeyote anaruhusiwa..."

"Huria? Soko huria tunalijua, na limetumaliza. Sasa na kompyuta huria tena?"

Wakacheka mara ya pili, na safari hii walicheka kwa starehe, kama watu waliokwisha kujua kikao kitaisha mapema. Fundi alibaki amesimama. Mikono yake, ambayo ingeweza kutoa skrubu ya ukubwa wa punje ya mchele bila kuiangusha, haikujua pa kukaa. Akamtazama mdogo wake. Hakumkonyeza. Alimtazama tu.

Mwenyekiti naye aligeukia upande uleule. "Haya, tusimalizane na fundi bure wakati msomi tunaye. Mkaguzi, tuambie wewe. Hiki kitu kina thamani au ni bure?"

Mdogo mtu alifungua kifuniko cha chupa ya maji. Akakifunga. Sentensi moja ingetosha. Hata nusu sentensi: haikuuzwa, ila inafaa. Mtoto wa darasa la tatu angeisema.

"Ni kama nilivyoandika, mwenyekiti," mkaguzi akasema.

"Basi."

Katibu akasoma kanuni: kitu kisicho na thamani, pamoja na chombo kilichokibeba, kiondolewe kwenye majengo ya chuo ndani ya siku kumi na nne. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba ipo kampuni iliyoleta maombi ya kufunga kompyuta mpya zenye mfumo wa kulipia kila mwaka, na itakuja na fundi wake mwenye cheti. Hakuna aliyebisha. Nafasi ya fundi wa maabara ikafungwa hapohapo, wala haikuchukua muda wa kunywa soda. Wakahamia kwenye ajenda ya uzio.

Fundi alimsubiri mdogo wake pale gari lilipoegeshwa. Alisubiri mpaka uzio ukaisha, na vyoo vikaisha, na chai yao ikaisha. Mkaguzi alipotoka, aliangalia kwanza kulia na kushoto.

"Kaka, ingia ndani ya gari tuongee."

"Tutaongea hapahapa. Mimi gari si langu."

"Usiwe hivyo. Neno nililoandika ni sahihi. Unajua mwenyewe ni sahihi. Mfumo ule unauzwa wapi? Ningeandika nini?"

"Sikuulizi ulichoandika. Nakuuliza ulichoulizwa."

Mdogo mtu akatafuta funguo za gari mfukoni.

"Uliulizwa kama kina thamani," fundi akasema. "Uliulizwa kwa mdomo, mbele yangu. Wewe shahada yako umeiandikia wapi? Kwenye mchanga?"

"Ningesema nini, kaka? Tayari ulikuwa umesimama unabishana nao. Ningekutetea, mtu mmoja angeuliza mnajuana vipi. Ukoo wetu si mkubwa, jina la baba ni lilelile kwenye karatasi zetu zote. Ningepoteza kazi. Nina watoto."

"Na mimi nina nini? Mbuzi?"

"Sikusema hivyo."

"Siku ile ya ukaguzi uliniambia tusijuane, nikakubali. Nilidhani unataka haki isimame yenyewe. Kumbe ulikuwa unataka kusimama wewe."

"Naweza kubadilisha ripoti," mdogo mtu akasema polepole, "lakini wataniuliza kwa nini. Acha kwanza vumbi litulie. Miezi miwili, mitatu. Nitaandika barua ya ufafanuzi."

"Kompyuta zinaondolewa ndani ya siku kumi na nne."

"Najua."

"Sasa hiyo barua ya miezi mitatu unamwandikia nani? Panya wa stoo?"

Mkaguzi aliingia kwenye gari. Hakuwasha mara moja. Alikaa ameshika usukani, kama mtoto anayecheza dereva. Fundi akaondoka yeye kwanza, ili asije akaonekana ameachwa.

Jioni mama yao akapiga simu. Alikuwa anaishi kwa mdogo, na habari ilikuwa imeshamfikia, imepigwa pasi vizuri.

"Mwanangu, naambiwa umemkasirikia mwenzio bure."

Fundi alicheka, kicheko kibaya, mpaka mkewe akaacha kushona.

"Mama, na wewe umeshaingia kwenye bodi?"

"Bodi gani? Mimi nasema nyinyi ni wawili tu. Yeye anakuheshimu. Kila siku anasema bila kaka nisingefika."

"Anasemea wapi, mama?"

"Hapa. Nyumbani."

"Ndiyo. Hapo nyumbani."

Mama hakuelewa, akamwombea Mungu, akakata simu kwa sababu salio lilikuwa linaisha. Mkewe alimwuliza kama atakula. Alisema hapana, kisha akala, kwa sababu chakula kilikuwa kimeshapikwa na hakuwa mtu wa kuigiza huzuni.

Siku ya tisa Mkuu alimwita. Hakumkaribisha kiti, alisimama naye dirishani, mikono nyuma.

"Nimejaribu," akasema.

"Najua, Mkuu."

"Kampuni inakuja Jumatatu kupima chumba. Wanataka kiwe kitupu. Nilifikiri niwape vijana wa useremala wabebe, lakini watazitupa kama magogo. Nikaona heri wewe. Najua ninachokuomba si kizuri."

"Zinakwenda wapi?"

"Stoo ya chini, kisha kwa watu wa vyuma chakavu." Akakohoa. "Na ile nafasi waliyoifunga, wataitangaza upya baadaye. Wameweka cheti kama sharti. Sikuweza kuliondoa."

"Cheti si nilikuwa nacho? Uliniambia ndicho hicho." Alisema akionyesha juu, upande wa maabara. Mara akaona haya, maana yule mama hakuwa adui yake. "Nitabeba, Mkuu. Naomba Jumamosi, wanafunzi wasiwepo."

Lakini Jumamosi yule msichana wa mabomba alikuwepo. Alikuwa kwenye kompyuta ya mwisho, na flashi tano mezani, zake na za wenzake. Alikuwa anapakua mfumo. Fundi alisimama nyuma yake, akaona anaacha vitufe vya kijani vyote na kushuka chini kwenye mstari mwembamba.

"Nani kakufundisha?"

"Nilikuwa nakuangalia ukipakua kile kivinjari. Kaka yangu ana kompyuta mbovu nyumbani. Ni kosa?"

"Si kosa. Ni ruhusa ya wenyewe walioutengeneza. Hakiki alama kwanza."

"Alama gani?"

Akavuta kiti, akakaa, akamwonyesha. Herufi sitini na nne, msichana akisoma kwa sauti. Ilichukua muda. Ile ndiyo ilikuwa siku yake moja kama fundi wa maabara, na kiti kilikuwa na mgongo, na hakujisikia chochote alichokuwa amekitarajia. Msichana akaondoka na flashi zake. Fundi akazima ya mwisho, akaanza kuchomoa nyaya.

Alikuwa ameshateremsha nne, akipumzika kila ngazi ya nane, mdogo wake alipotokea mlangoni. Alikuja bila gari la idara, amevaa shati la nyumbani.

"Mkuu ameniambia unabeba leo," akasema. "Nimekuja kukusaidia."

Fundi alifikiria kumfukuza. Alifikiria maneno matatu, yote mazito, na yote angeyajutia au asingeyajutia, hakuwa na hakika. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma na kompyuta zilibaki kumi na nane.

"Shika huko," akasema.

Wakabeba. Waliweka mbili mbili juu ya ubao, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakashuka kwa hatua za kwenda pamoja, kama walivyokuwa wakibeba ndoo ya maji iliyotundikwa kwenye mti mabegani wakiwa wadogo. Mdogo mtu alitokwa na jasho upesi. Unga wa mbao ulimganda shingoni. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili fundi alisema "angalia ngazi", ingawa ngazi ilikuwa haina neno.

Stoo ilikuwa na mzee wa usafi, mwenye funguo, aliyekaa kwenye kreti akiwaangalia. Mzee huyu alikuwa akimpikia fundi chai wakati wa zile wiki sita. Safari ya saba akasema:

"Samahani, wakubwa zangu, naomba niulize. Nyinyi mna undugu? Mnavyotembea, mabega yenu ni yaleyale."

Fundi akaweka upande wake wa ubao chini. Mdogo wake alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Huyu ni kaka yangu. Tumbo moja."

Lilimtoka kirahisi, hata kwa majivuno, kama mtu anayetaja timu yake. Hakutazama kulia wala kushoto. Hapakuwa na mwenyekiti stoo, wala katibu wa kuandika. Palikuwa na mafagio, ndoo na mzee wa funguo.

"Kumbe!" mzee akafurahi. "Fundi, mbona siku zote hukuniambia kama mkaguzi ni mdogo wako?"

"Hata mimi nimesikia leo, mzee," fundi akasema.

Mzee akacheka, akidhani ni utani. Mdogo mtu hakucheka. Alibaki amesimama katikati ya mlango, mikono imejaa vumbi, na ikawa kama ndipo neno lake mwenyewe lilipomfikia.

Wakamaliza zilizobaki. Fundi alizipanga stoo kwa safu, vioo vyote vikitazama ukuta, akazifunika turubai, kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Akatia saini kwenye daftari la mzee. Akachukua mkoba wake wa vifaa.

"Kaka," mdogo wake akasema nje, uani. "Jumapili utakuja kumwona mama?"

Fundi alikung'uta suruali, goti moja, kisha la pili.

"Nitakuja," akasema. "Ukishatoka hapo nyumbani, uniambie."

Akavuka uwanja kuelekea getini, kwa mwendo wake uleule mzito. Juu, kwenye dirisha la maabara, hapakuwa na kitu kilichobaki ila nyaya zinazoning'inia, na chini msumeno wa karakana ulikuwa kimya kwa sababu ilikuwa Jumamosi.